Ati jiografia ni ya kuhesabu mawe

Jumapili, kibarazani kwa dada yangu Kisauni, hapa Mombasa, mahamri yashaisha na mbaazi zimebaki chini ya sahani, mpwa wangu akatamka mbele ya watu kwamba akiingia Gredi ya 10 anataka jiografia. Ami yake, mtu ambaye sijamwona akikosa la kusema, akacheka hadi kahawa ikamwagikia kikoi. "Na akili zote hizo? Uende ukahesabu mawe?"

Mtoto akainamisha kichwa. Mimi nikameza kahawa ya moto ili nisimtukane mtu mzima. Nimejuta kunyamaza, basi leo nasema.

Kwanza nimweleze ami mwenyewe. Yeye ana nyumba za kupangisha na kisima uani. Mwaka jana maji yakaanza kuwa na chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ikipikwa ni supu ya pweza. Akaita fundi. Fundi, ambaye hulipwa kwa futi, akashauri nini? Kuchimba zaidi, bila shaka. Kikaongezwa kina, ikafungwa pampu kubwa, na baada ya miezi miwili maji yale ungeweza kuchemshia mihogo bila kutia chumvi. Ami akamlaumu fundi, kisha jirani, kisha hasidi asiyetajwa jina.

Aliyemweleza ni msichana huyu huyu, kwa kipande cha mkaa, akichora sakafuni. Chini yetu, akasema, ni jabali la matumbawe, limejaa matundu. Mvua hupenya humo, lakini na bahari nayo hupenya kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi, kwa hivyo hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Na hesabu yake inatisha: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa hata yakashuka mita moja, chumvi nayo hujongea juu mita 40 kukulaki. "Ami hukuyafuata maji," akamwambia, "uliifuata bahari." Tukacheka sote. Ami alicheka pia, kisha akasahau nani alimwambia na somo hilo linaitwaje.

Ndiyo mawe hayo, ami. Umeyahesabu kwa mfuko wako.

Na hata mwenye mfereji asijione. Mji umezungukwa na maji kila upande, na bado hamali anasukuma mkokoteni wa mitungi asubuhi hadi jioni, kwa sababu tunayokunywa yanatoka mbali: visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Mzima yenyewe hulishwa na mvua inayonyesha milima ya Chyulu, ikazama kwenye miamba ya volkano na kuibuka mbali, safi kama kioo. Anayekata miti Chyulu anagusa birika la bibi yangu Majengo. Sasa nani atayajua haya, ikiwa kila mwenye akili tunamsukuma kwenye kompyuta?

Sitaingia sana kwenye kaskazi na kusi, wala bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, inavyoinamisha njia ya kupandia feri Likoni hadi magari yakakwaruza matumbo. Wala sitauliza bandari ya Kilindini ingekuwa na kina gani lau bahari haikulifunika bonde la mto wa kale. Nusu ya mji huu unakula kwa bonde hilo.

Kwa kuwa wizara imeliweka somo kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii, watu wamesikia "jamii" tu, "sayansi" imewapita.

Haya, nakubali, shingo upande: shuleni lilifundishwa vibaya. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikariri ng'ombe wa maziwa wa Denmark, ngano ya Kanada na polda za Uholanzi, yaani ardhi waliyoinyang'anya bahari. Ng'ombe wa Denmark nawajua hadi leo kuliko baadhi ya binamu zangu. Ramani ya 1:50,000 ilikuwa moja kwa madawati manne, mwenye kukaa pembeni akisoma milima kichwa chini miguu juu. Pwani ilikuwa dakika kumi kwa miguu na hatukupelekwa hata siku moja. Hilo ni kosa la ufundishaji, si la somo. Na kazi? Kazi ni haba, kweli. Nitajie mwanajiografia mmoja anayezurura, nami nitakutajia wahandisi watatu.

Alhamisi usiku nilikuwa tena kwa dada, simu yangu ikalia. Ami. Akazunguka sana, mara mvua, mara mgongo wa mamake, kisha: "Huyo msichana yupo karibu?"

Nikampa simu. Nikawa nasikia upande mmoja tu. "Usichimbe, ami. Rudisha ile pampu ndogo, uvute kidogo kidogo. Na maji ya paa usiyaache yakaenda barabarani, yaelekeze ardhini." Kimya kirefu. Akanirudishia simu, amejibana kicheko.

"Anauliza kama hakuna dawa ya kutia."