Pesa ya kichupa, iweke kwenye vidanje

Ukiingia duka la piesi za magari hapa Bukavu, iwe Nyawera iwe Kadutu, utakikuta kimepangwa mbele kabisa ya kaunta: kichupa cha dawa ya moteri, rangi kali, picha ya pistoni inayong'aa. Maneno yake ni makubwa. Kinamaliza moshi, kinanyamazisha kelele, kinapunguza unywaji wa esanse, kinarefusha maisha ya moteri. Unakimwaga juu ya mafuta yako ya moteri, mambo yameisha. Mimi nasema usikinunue; pesa yake iweke kwenye vidanje, yaani kubadilisha mafuta ya moteri. Na wewe motari, dereva wa teksi ya moto (pikipiki), unayeshinda ukipanda na kushuka vilima vya mji huu, kwako nasema mara mbili, na sababu nitaitoa hapo chini.

Sina ugomvi na wauzaji. Wengi wanaamini wanachokiuza. Maneno hayo waliyapokea pamoja na katoni. Ugomvi wangu ni na tangazo lenyewe, maana ahadi hizi ni za zamani, na huko zilikotungwa zilishadaiwa ushahidi zaidi ya mara moja.

Marekani kuna Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, ambayo kazi yake ni pamoja na kuwabana wanaotangaza uongo. Mwaka 1978 kampuni ya STP ilikubali kutoa dola 700,000 kwa sababu ya matangazo ya dawa yake ya mafuta, na sehemu ya pesa hizo ikalipia tangazo la kuwajulisha wasomaji wa magazeti habari hiyo. Mwaka 1995 STP ikajikuta palepale, ikatoa dola 888,000 nyingine. Mwaka 1996 ikawa zamu ya Slick 50. Hawa walidai kwamba moteri nyingi huwashwa bila kinga ya kutosha, vyuma vikasagana, na kwamba dawa yao yenye PTFE, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisishike, ndiyo itakayoziokoa. Jibu la Tume lilikuwa fupi: moteri nyingi zinalindwa vizuri na mafuta ya kawaida yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na ni nadra kuona moteri imekufa mapema kwa sababu ya kuwashwa tu. Dura Lube nao, mwaka 2000, wakakubali kutenga dola milioni 2 za kuwarudishia wateja.

Kesi inayonikera kuliko zote ni ya zMax, ya mwaka 2001. Tume ilidai kwamba ndani ya chupa hiyo hamkuwa na kitu zaidi ya mafuta ya madini yaliyotiwa rangi. Kuna kipimo cha maabara kinaitwa CRC L-38, na tangazo la zMax lilijivunia matokeo yake. Kumbe katika kipimo hichohicho, kwa maelezo ya Tume, mafuta yaliyochanganywa na zMax yalifanya beringi zilike zaidi ya mara mbili kuliko mafuta matupu, na sehemu hiyo ya matokeo haikuonyeshwa kwa mteja. Shauri liliisha mwaka 2003 kwa dola milioni 1.

Ni kweli mashauri haya yaliishia kwenye makubaliano, na makubaliano si kukiri kosa. Lakini angalia masharti yake: kampuni zilikatazwa kurudia madai yale bila ushahidi wa kisayansi. Mtu mwenye ushahidi mkononi hangoji kukatazwa. Anautoa siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapoteza pesa kwa kutojua walichokwisha kununua. Mafuta ya moteri yakitoka kiwandani yameshatiwa dawa. Kati ya asilimia 10 na 25 ya kilichomo kwenye bidoni ni dawa: ya kuosha uchafu, ya kushikilia masizi yasigandamane, ya kuzuia povu, ya kuzuia kutu, ya kuchelewesha mafuta kuoza kwa joto, na ile ya zinki na fosforasi, ZDDP, inayotandaza utando mwembamba pale ambapo chuma kinakaribia kugusa chuma. Dawa hizi zimepimwa pamoja, kwa sababu nyingine zinagombania uso uleule wa chuma. Ukimwaga juu yake kitu ambacho hata kibandiko chake hakisemi kina nini, umevuruga vipimo vya watu walioyajaribu mafuta hayo kwenye moteri halisi kabla ya kuyapa alama ya API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Na alama ile hupewa mafuta yaliyokamilika. Kichupa hakipewi. Honda wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba gari lao halihitaji dawa yoyote ya kuongeza kwenye mafuta, na kwamba linaweza kudhurika kwa dawa hizo. General Motors wanasema usiongeze kitu. Hao ndio waliotengeneza moteri.

Kuna video zinazopita kwenye simu: kigurudumu cha chuma kinazunguka, mtu anakandamiza kipande cha beringi juu yake. Kwa mafuta ya kawaida kinakwama. Akitia dawa, kinaendelea kuzunguka hata akikandamiza kwa uzito wote. Watazamaji wanapiga makofi. Mashine ile inapima mgandamizo mkali wa chuma juu ya chuma, hali inayohusu zaidi gia na grisi. Ndani ya moteri nzima, shafti kuu inaelea juu ya tabaka la mafuta yanayosukumwa na pampu. Haikandamizwi kavu namna ile. Zaidi ya hapo, dawa nyingi zinazoshinda kwenye mashine hiyo zina klorini, na klorini ikikutana na joto na unyevu ndani ya moteri inaweza kuzaa asidi inayokula chuma. Kinachoshinda kwenye video ndicho kinachoweza kukudhuru nyumbani.

Motari, sasa sababu yako. Moteri ya gari na ambreyaji yake (klachi), inayopeleka nguvu ya moteri kwenye gia, vinakaa mbalimbali. Moto yako ya 125 si hivyo. Sahani za ambreyaji zinaogelea ndani ya mafuta yaleyale yanayolainisha pistoni na gia. Sahani hizo zinafanya kazi kwa kushikana. Ukitia dawa ya kuondoa msuguano, haichagui. Inaondoa na ule msuguano unaokusukuma mlimani. Na hesabu yake ni mbaya: kichupa cha mililita 300 kimepimwa kwa gari la lita nne au tano, nawe unakimwaga kwenye moteri inayobeba takriban lita moja.

Nilikuwa kwenye garaji moja upande wa Kadutu kijana alipoingia akisukuma moto yake kwa mikono. Akasema, "Papa fundi, inalia lakini haipandi." Mzee aliiwasha, akatia gia, akafungua gesi: moteri ikapiga kelele, gurudumu la nyuma likazunguka kwa uvivu. Hakuuliza habari za kabureta wala cheni. Aliuliza, "Mwanangu, umeweka nini humu?" Kijana akataja kichupa. Mzee akamwaga mafuta, akafungua kifuniko cha upande, akazitoa sahani moja moja na kuzipanga juu ya kipande cha gazeti. Zilikuwa zimeng'aa, nyeusi, laini ukizipitishia kidole, pande zake zimeungua. Kupanda na abiria na mzigo huku ambreyaji inateleza kulikuwa kumezipika. Kijana alinunua sahani mpya na mafuta mapya, na siku hiyo hakuwa na kitu cha kumpelekea mwenye moto. Iliniuma, kwa sababu kichupa kile alikinunua akitaka kuitunza moto.

Wajapani waliliona tatizo hili mapema, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 mafuta ya moto yana kipimo chake, JASO. Tafuta kwenye bidoni maandishi 4T, yaani ya moteri ya mipigo minne, na JASO MA au MA2: maana yake yamepimwa ili ambreyaji isiteleze. MB ni ya skuta ambazo ambreyaji yake haiko ndani ya mafuta. Alama hiyo ina faida kwako kuliko maneno yote ya kwenye kaunta.

Nisikatae kila kitu. Dawa ya kuzuia mvujo inaweza kulainisha sili zilizokauka kwenye gari la zamani, tone likapungua kwa muda. Dawa ya kusafisha njia za esanse ni jambo lingine, haihusu mafuta ya moteri. Na ile dawa nzito ya kupunguza moshi, kweli moshi unapungua, kwa sababu mafuta yamekuwa mazito. Ringi za pistoni zilizoisha zimebaki zimeisha.

Dawa hiyo nzito ndiyo inayopendwa na wanaouza magari yaliyochoka. Ukienda kununua Carina au Noah ya mkono wa tatu, fika asubuhi moteri ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Chomoa kijiti cha mafuta utazame: mafuta yakining'inia mazito kupita kawaida, shtuka. Teremka nalo mteremko mrefu bila kukanyaga gesi, kisha ukanyage ghafla chini huku mtu akitazama nyuma. Moshi wa bluu ukifumka hapo, mafuta yanapita kwenye sili za valvu. Wanaoshuka Ngomo kuelekea Kamanyola wanaujua moshi huo. Mwambie fundi apime kompresheni kabla hujatoa hata dola moja.

Kinachoua moteri zetu kwa kweli hakina tangazo. Ni vumbi la kiangazi kwenye barabara ya Walungu, linaloingia kwa filta ya hewa iliyochanika. Vumbi hilo lina mchanga, na mchanga unasaga silinda uwe umetia dawa au hukutia. Ni radieta iliyoziba kwenye mji wa kupanda tu. Ni mafuta yaliyoshuka chini ya alama kwa sababu hakuna aliyechomoa kijiti. Ni bidoni za kughushi zilizojazwa mafuta yaliyokwisha kutumika. Ni vidanje iliyosogezwa wiki hadi wiki. Na mtu akikuonyesha mafuta meusi kwenye gari la mazutu (dizeli) akisema yamekufa, usitishike; yamekuwa meusi kwa sababu yanashika masizi, ndiyo kazi yake.

Kwenye duka moja nililopita, bei ya kichupa ilikuwa karibu sawa na ya lita mbili za mafuta mazuri ya moto. Lita mbili ni vidanje mbili. Wenye moto mnaopokea hesabu kila jioni, vidanje ilipieni ninyi, na mafuta mkayanunue wenyewe kwa muuzaji mnayemjua, bidoni ikiwa na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Kijana anayeendesha anaambiwa moteri ikifa ni juu yake, na pesa ya kuitunza hapewi. Ndiyo maana anaishia kwenye kaunta, akikishika kichupa na kukisoma.