Ami na Kigae Namba 48

Kosa langu lilikuwa kutamka neno "dhumna".

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nimekaa dakani na dada yangu na mwanawe, sanduku la Kingdomino limefunguliwa, vigae nimevimwaga juu ya sinia la pilau kwa kuwa meza haikupita mlangoni. Nikaanza kwa madaha: mchezo huu umebuniwa na Mfaransa, Bruno Cathala, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Mchezo wa Mwaka kule Ujerumani. Mpwa wangu akauliza kama unatumia betri. Nikaona watanikimbia, nikasema, "Ni kama dhumna tu."

Ami alikuwa anapita kichochoroni. Akasimama, akavua makubadhi.

"Dhumna? Nisogeleeni."

Tukawa wanne, na wanne ndiyo idadi yake hasa, maana vigae vyote 48 vinaingia. (Mkiwa watatu mnaondoa 12 bila kuvitazama. Mkiwa wawili mnaondoa 24, na kila mmoja anashika wafalme wawili, yaani vipande vidogo vya kuwekea alama kigae ulichokichagua.) Nikamweleza Ami kwamba kila mtu ana ngome yake ndogo ya kadibodi, anaizungushia vigae mpaka ufalme utimie miraba 5 kwa 5, wala usizidi. Ngome ni mraba mmoja, vigae 12 vya miraba miwili miwili ni 24, jumla 25. Kigae lazima upande wake mmoja uguse ngome au ardhi ya aina yake: ngano kwa ngano, msitu kwa msitu. Kikikosa pa kukaa, kinatupwa.

Ami akaitazama ngome yake. "Ile yetu ya hapa Lamu ilianza 1813 ikaisha 1821. Hii umeisimamisha kabla kahawa haijapoa. Ndiyo maana imekwenda upande."

Kwenye kuchagua ndiko alikonishangaza. Kila raundi vinatolewa vigae vinne, vinapangwa kwa namba za mgongoni, ndogo juu na kubwa chini, ndipo vinapinduliwa. Namba ndogo ni ardhi tupu. Mataji, zile alama zinazoleta pointi, yamejaa kwenye namba kubwa. Lakini anayesimamisha mfalme wake juu ya kigae cha chini kabisa atachagua wa mwisho raundi inayofuata. Mimi hili lilinichukua michezo mitatu kulielewa. Ami akanywa funda moja la kahawa, akasema, "Ukila vizuri leo, kesho unapanga foleni. Haya, toa."

Sasa, Ami kwenye dhumna hajui kuweka kipande. Anakipiga. Kigae chake cha kwanza kilitua PAA! na sinia la bati, ambalo tako lake limefura katikati kwa miaka ya moto wa makaa, likaingia ndani na kurudi nje kwa mlio wa pili. Falme nne zikaruka.

Ufalme unaweza kuupanga upya kwa kumbukumbu. Safu ya uchaguzi haipangiki. Mfalme akishaanguka kutoka kwenye kigae chake hakuna tena ushahidi, na kila mtu anakumbuka kwamba wake alikuwa juu ya kile kizuri. Dada yangu na mwanawe walikumbuka kigae kimoja. Nikatandika kanga iliyokunjwa mara nne juu ya sinia. Mlio ukapungua, mruko ukabaki.

Raundi ya tisa ikatoka namba 48: nusu ngano, nusu mgodi wenye mataji 3. Kwenye vigae vyote miraba ya mgodi ni 6 tu. Ami alikuwa tayari na mgodi wa mataji 2, pembeni yake pamebaki wazi kama kiti cha bwana harusi. Zamu yake ya kukiweka ilipofika, mkono ukapanda mpaka usawa wa kofia.

"Ami, taratibu!"

PAA! Namba 48 ikaruka juu ya baraza, ikatumbukia mtaroni. Na hatukuweza kushuka kuifuata, maana punda wanne wa mchanga walikuwa wanapita, na kichochoro chetu hakichukui punda na mtu kwa pamoja.

Nilipoipata nikafanya ujinga mara mbili. Nikaiosha bombani, kadibodi ikanywa maji, tabaka zikaachana. Kisha nikaianika juani, ikakauka upande mmoja ikajikunja kama papa mkavu. Ilitakiwa nifute kwa kitambaa, niiweke baina ya karatasi kavu kivulini, na juu yake jiwe la kusagia, mpaka kesho yake.

Tukahesabu. Kila eneo ni miraba yake mara mataji yake. Migodi ya Ami: miraba 2, mataji 5, pointi 10. Shamba langu la ngano, fahari yangu ya alasiri nzima, lilikuwa na miraba 11 na mataji sifuri. Mpwa wangu alizidisha kwa sauti, taratibu, ili majirani nao wasikie.

Ijumaa iliyofuata Ami alikuja kabla ya kahawa. Nikapendekeza vigae tuvitie kwenye mfuko wa kitambaa, tuvitoe bila kuviona. Akakataa, dhumna haichezwi mfukoni. Basi nikavirundika kifudifudi. Mnara ukawa umenyooka isipokuwa karibu na juu, ambako kigae kimoja kinene kiliunyanyua kama mto chini ya godoro.

Zamu ya Ami ikafika. Akautazama mnara, akaitazama safu, akaiacha migodi na mataji yote, akasimamisha mfalme wake juu ya namba 3, msitu mtupu.

"Vizuri chukueni ninyi, wanangu," akasema, akikunja mkono wa kanzu. "Mimi mtu mzima naridhika na kuni."