Mbung'o Hatagi, Anazaa

Ukitaja nzi, watu huwaza mayai mamia na funza wanaotambaa jalalani. Kwa nzi wa chooni ni kweli. Mbung'o ni mtu mwingine kabisa, na sisi tumezoea kumhesabu pamoja na ndugu zake wale.

Mbung'o jike hatagi. Yai moja tu hushuka kwenye mji wa mimba na kuanguliwa humohumo, kisha buu hunyonya maziwa ya tezi za mama yake. Naam, maziwa. Kwa siku tisa hivi hunenepa mpaka uzito wake unakaribia wa mama, ndipo huzaliwa, akajichimbia mchangani na kuwa pupa. Maisha yake yote jike hupata watoto wachache, kumi hivi akijaliwa. Kuku anamshinda.

Shuleni mwalimu wetu aliuruka ukurasa wa kujamiiana kwa wadudu, darasa zima likacheka. Ningependa angeusoma. Dume hupanda mgongoni, akambana jike ncha ya tumbo kwa vibanio vyake, na huweza kukaa hivyo saa mbili. Akiondoka ameacha kifurushi cha mbegu, nazo huhamia kwenye vifuko viwili vidogo vya jike. Akiba hiyo humtosha hadi kufa, kwa hiyo dume wa pili mara nyingi hufukuzwa.

Unguja ilikombolewa na vifuko hivyo viwili. Nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o anyonyapo damu, ilikuwa ikidhoofisha ng'ombe, na viuadudu vilipunguza mbung'o bila kuwamaliza. Kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ya gama mpaka wakawa tasa, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike aliyewahiwa na dume wa namna hiyo alijaza vifuko vyake mbegu zisizo na faida, na hakutafuta nyingine. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana 1996.

Anayesema kuchungulia uzazi wa nzi ni kupoteza pesa za umma, mimi namwonyesha Unguja. Ila nisipambe: kile ni kisiwa, bahari ilizuia wengine kurudi. Bara, ukisafisha pori moja, wa pori la jirani wanahamia. Na dume wa mbung'o naye hunyonya damu, tasa au si tasa. Wafugaji wa Unguja walimwagiwa mamilioni ya midomo kama hiyo juu ya mifugo yao, wakavumilia.