Wavu wa Sebuleni

Nianze kwa kukanusha. Habari inayozunguka kwenye magrupu ya Buhongwa hapa Mwanza tangu jana, kwamba nimetega wavu sebuleni nasubiri ziwa lipande nivue sangara nikiwa nimekaa kwenye kochi, ni ya uongo. Kaitunga jamaa yangu wa bodaboda, yule yule niliyemlipa nauli na hela ya supu juu. Ukweli ni mbaya kuliko hivyo, ndiyo maana naona bora niuseme mwenyewe.

Mnanijua, nimekulia nyumba za kupanga. Sakafu mimi huwa naikuta. Nikihamia ipo, nikihama naiacha, hatujawahi kuzoeana. Sasa Mungu kajalia kiwanja, msingi umepanda, na baba mkwe katoka Ukerewe kuja kuona mkwe wake anavyojenga. Mzee kavua ujana wake wote, kwa nyumba hana maneno mengi. Basi mimi nikawa na maneno ya wote wawili. Mchana kutwa namzungusha kiwanjani, mikono nyuma, naonyesha hiki na kile kama mkandarasi.

Jioni fundi akapiga. Nikaweka spika ili mzee asikie watu wanavyoniripotia.

"Bosi, kesho asubuhi tunamwaga jamvi. Kifusi kimeshashindiliwa, mawe tumepanga, moramu tumelaza. Umebakiza nailoni, wavu na biskuti tu."

Mtu mwenye akili zake angeuliza hapo. Mzee ananitazama. Nikajibu, "Hilo dogo, fundi." Usiku nikajigeuza kitandani nawaza jamvi linamwagwaje, maana ninayoyajua mimi hutandikwa misibani. Nikaona hayo ni mambo yao.

Haya, mimi ni mtoto wa Mwanza. Ukinitajia nailoni na wavu kwa pumzi moja, miguu inaenda Kirumba yenyewe. Na msinicheke, nilipiga hesabu kabisa: kama wavu unamzuia sangara wa kilo hamsini anayepigania roho yake, utashindwaje kuzuia saruji iliyolala?

Asubuhi niko duka la nyavu karibu na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Muuzaji akaniuliza, "Unavulia wapi, kaka?"

"Buhongwa."

Akanyamaza kidogo. Buhongwa na ziwa wapi na wapi. "Wavu wa kutega au wa kukokota? Kama ni kokoro, hapa hatuuzi, lile limepigwa marufuku."

"Hapana, huu tunaulaza chini, halafu juu yake tunamwaga."

Hapo akasogea karibu, akashusha sauti. "Mnamwaga nini?"

Nimeelewa jana usiku tu, nikiwa naoga, kwamba yule kijana alidhani natia sumu samaki. Mimi nikamjibu kwa kujiamini, "Wewe nipe tu, mengine ya fundi." Akanifungashia haraka haraka bila kupunguza hata mia, akanisindikiza mpaka mlangoni kuhakikisha nimeondoka. Biskuti nikanunua katoni nzima duka la jirani, nikisema moyoni huyu fundi ana utu, anawafikiria vibarua.

Bodaboda ikashika njia, Mkuyuni, Butimba, na tulipofika Nyegezi nikampigia fundi. Sikilizeni vizuri hapa. Hakuna aliyenituma kupiga. Nikasema, "Washa mashine, anza kuchanganya, mzigo ninao."

Nikakuta mashine inanguruma, vibarua wamejipanga na ndoo na matoroli, zege la kwanza limeiva. Baba mkwe kawekewa tofali kivulini, kaketi kama mgeni rasmi. Fundi ameshika rula yake ya aluminiamu, akachungulia nyuma ya pikipiki, akachungulia barabarani, akarudi kuchungulia nyuma ya pikipiki.

"Gari la wavu liko wapi, bosi?"

"Gari la nini? Huu hapa." Nikashusha kiroba. Nikafungua kamba taratibu, maana nilitaka waone. Nikashika ncha ya wavu nikaivuta juu. Ikaja. Nikavuta tena, ikaendelea kuja, nyeupe, laini, inanukia dukani, inajimwaga juu ya moramu. Kibarua mmoja akazima mashine. Hakuambiwa na mtu. Kukawa kimya nikasikia hata kuku wa jirani. Fundi akavua kofia, akaishika kifuani. Mimi bado navuta! Mikono ilishajua kuna jambo ila kichwa kilikuwa hakijapata taarifa.

Baba mkwe akainuka. Akaja polepole, akachukua kipande cha wavu, akakinyoosha kati ya vidole, akapima jicho, lile tundu la wavu, kwa kidole gumba. Mzee alikuwa kazini sasa. Akaniuliza kwa upole kabisa, upole wa mtu anayetaka kusaidia:

"Mwanangu, huu wa sato au wa sangara?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu: "Wa sebuleni, baba."

Jamani.

Kibarua wa kwanza alikaa chini na ndoo yake. Wa pili akaenda nyuma ya choo, tukawa tunamsikia. Bodaboda yangu tayari katoa simu. Fundi peke yake hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Akanieleza kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili: jamvi ni zege la sakafu, inchi nne, saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nailoni ni lile karatasi pana linalotandikwa chini ya zege ili unyevu wa ardhini usipande ukaharibu sakafu. Wavu ni wa chuma, ule wa BRC, unalizuia zege lisipasuke ovyo. Na biskuti ni vipande vidogo vya zege vya kuuinua wavu usilale chini kabisa, ubaki katikati ya zege.

"Macho ya huo wa chuma ni inchi ngapi?" mzee akauliza.

"Kama nane hivi, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. "Nane hupati kitu."

Yaliyofuata sina nguvu nayo. Saruji ikishaonja maji haimsubiri mtu, kwa hiyo lile zege likaishia kuwa njia ya kwendea chooni, na ni njia imara kweli. Kirikuu ikakodiwa, wavu wa kweli ukaja na nailoni ya kweli, jamvi likamwagwa jioni kwa taa za pikipiki, na sasa kazi yangu ni kulimwagia maji asubuhi na jioni lisikauke vibaya. Muuzaji wa Kirumba kakataa kurudisha hela, kasema hanijui. Wavu kaondoka nao mzee, na kwa furaha aliyokuwa nayo kwenye meli, sijawahi kumpa zawadi iliyompendeza hivyo. Biskuti ziliisha kabla ya saa sita.

Fundi sasa haagizi kitu bila picha. Leo asubuhi katuma ujumbe wa mambo ya mbeleni, tailizi, grauti na skating, kila kimoja na picha yake. Chini ya picha ya skating kaongeza: "Bosi, hii inakaa ukutani kwa chini. Usije na viatu vya matairi."