Kuzungusha silinda ndani ya mfereji: inapoa au inafunikwa na joto lake?

Ukitaka kupoza silinda ya moto iliyokingama kwenye mkondo ndani ya mfereji, wazo la kuizungusha huja upesi: maji yakikorogwa hubeba joto zaidi. Katika mtiririko wa polepole, fizikia inasema kinyume, na nadhani jambo hili halijapewa uzito unaostahili.

Silinda isiyozunguka, kwenye mkondo usio na kuta, huanza kuachia visulisuli nyuma yake kwa zamu, upande huu kisha ule, namba ya Reynolds (kipimo kinacholinganisha msukumo wa mkondo na mnato, yaani ukinzani wa maji dhidi ya kutiririka) inapopita takribani 47. Visulisuli hivyo ndivyo vinavyochota maji ya moto na kuyapeleka mbali. Sasa izungushe. Namba ya Reynolds ikiwa 100, na uso wa silinda ukienda karibu mara 2 ya kasi ya mkondo, visulisuli hukoma. Tabaka la maji huikumbatia silinda na kuzunguka nayo, hivyo joto hulazimika kulipenya polepole, kama la mtu aliyejifunika blanketi. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa IIT Bombay, chuo cha teknolojia nchini India, kwa namba za Reynolds kati ya 20 na 160, zilionyesha kwamba kadiri silinda inavyozungushwa kwa kasi ndivyo joto linalotoka linavyopungua.

Kuta za mfereji huongeza utata. Silinda ikiziba nusu ya upana, wastani wa kasi ya maji kwenye mianya huwa maradufu, na hilo peke yake husaidia kuondoa joto. Kwa hiyo anayepima kwenye mfereji mwembamba akaona silinda inapoa vizuri asikimbilie kuusifu mzunguko. Huenda sifa ni za kuta.

Hata hivyo, watetezi wa mzunguko wana hoja nzito. Visulisuli hutikisa bomba na kuchosha chuma, kwa hiyo kuvikomesha kuna faida yake. Ekseli inayozunguka kwa kasi kubwa katika hewa iliyotulia hupoa vizuri kuliko ikisimama, maana hapo hewa huvurugika kwelikweli. Na kama kilicho moto ni ukuta wa mfereji, silinda inayozunguka karibu nao inaweza kusukumia maji ya baridi kwenye ukuta huo, mradi umbali na mwelekeo wa mzunguko vichaguliwe vizuri.

Bado kuna gharama ya mota. Katika mtiririko tulivu, ukizidisha kasi ya mzunguko mara 2, nguvu (nishati kwa kila sekunde) inayohitajika kushinda mnato hupanda takribani mara 4. Kwa silinda ya moto kwenye mkondo wa polepole, nishati hiyo ningeipa pampu iongeze kasi ya maji. Mota ningeifunga pale ambapo adui ni mtikisiko, au ukuta ndio unaoungua.