Mnaosema Tunakula Bata, Hebu Sogeeni Hapa

Asubuhi hii binamu yangu kanitumia voisi ndefu, nusu nzima anacheka. Ameona stetasi ya mke wangu, ile picha tuko uwanjani tumevaa kofia zinazofanana, basi ndo imekuwa "kaka mnakula bata huko, Marekani tamu jamani, yaani mpaka mtoto anakula bata," alafu mwishoni sauti inashuka, ananikumbushia ile ishu ya mbolea. Mbolea nitatuma. Ila hilo bata naomba tulizungumze, maana watu mnaona kofia tu, kilichopo chini ya kofia hamkioni.

Kwanza ieleweke besiboli mimi sikuitafuta. Nimekulia mpira wa kawaida, dakika 90, refa anapuliza tunaenda kubishana kijiweni. Hapa Ohio nimekaa kwa amani zangu, Yanga naiangalia kwenye simu muda wa mapumziko kazini, simsumbui mtu. Aliyeuleta huu ugonjwa ndani ni mama mtoto. Anafanya kazi nyumba ya wazee, na wale wazee kutwa nzima wanaangalia besiboli, akajifanya kuuliza swali moja, basi, mzee akishapata mwanafunzi unadhani atamuachia? Sasa hivi anakutajia warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji, wa mkono wa kushoto wa timu nne, mimi mume wake sina hakika kama anajua navaa kiatu namba ngapi.

Na hapa kwetu Columbus hatuna timu ya ligi kubwa. Tuna ile ya daraja la chini, Clippers, uwanja uko hapo hapo mjini, unaenda, unarudi, unalala kwako. Hataki. Anataka tufike viwanja vya wale wakubwa wote, na wako 30, kabandika ramani kwenye friji. Alafu kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani, yaani Simba akicheza mechi zake 30 za ligi sisi tunaona vijana wamechoka wapewe likizo, hawa wenzetu wanacheza karibu kila siku iendayo kwa Mungu, kwa hiyo hata ule utetezi wa "wikiendi hii hakuna mechi" haupo. Mechi ipo. Mechi ipo tu.

Ukimuuliza kwa nini, anasema ni kwa ajili ya mtoto, apate kumbukumbu. Mtoto ana miaka miwili. Dada yangu amekaa kwetu wiki nzima, kamlisha, kamuogesha, kaondoka asubuhi, jioni namuuliza mtoto shangazi anaitwa nani, ananijibu "trekta".

Mtoto mwenyewe ana jina la marehemu baba yangu, na hapo ndo tulipojimaliza. Mimi siwezi kumfokea baba yangu, namwita Mzee. Mama yake jina la mkwe halitamki, anamwita Mkwe. Sasa jirani ambaye hajui Kiswahili ana bahati, maana anayejua angesikia kila jioni mwanamke anabembeleza, "Mkwe, naomba ushuke mezani. Mkwe, si vizuri kulamba kioo. Mkwe, rudisha soksi ya mgeni."

Tukaanza na Cincinnati kwa sababu ni karibu, mwendo wa kama saa mbili tu. Uwanja mzuri, uko kando ya Mto Ohio, wameweka mabomba mawili makubwa ya moshi kama ya meli ya zamani, na mchezaji wao akipiga ule mpira wa kutoka nje kabisa yanalipuka mafataki. Sikuambiwa. Mzee naye hakuambiwa. Tuliangalia sehemu iliyobaki tukiwa karibu na vyoo.

Cleveland kulinyesha.

Pittsburgh sina neno, pale ni pazuri, nasema kweli. Siku ya mechi wanafunga daraja la Roberto Clemente magari yasipite, watu mnavuka kwa miguu, mto chini, majengo ya mjini nyuma yenu. Mke wangu akanisimulia habari za huyo Clemente, mtu wa Puerto Rico, alikufa mkesha wa mwaka mpya 1972 ndege ikianguka akipeleka misaada kwa watu wa tetemeko Nicaragua, alivaa jezi namba 21 ndo maana ukuta wa kulia umejengwa futi 21. Nikaguswa. Nikataka nimuulize swali la maana. Nikageuka nikakuta Mzee analia anataka turudi kwenye daraja, sio kuvuka, anataka lile daraja lenyewe, tulichukue.

Detroit kuna bembea ya kuzunguka ndani ya uwanja, badala ya farasi kuna chui milia, watoto wanakaa juu yao. Alipanda. Hakushuka. Siongezi neno.

Sasa twende getini, kwenye uwanja ambao siutaji maana bado nataka kuishi nchi hii kwa utulivu. Tumeshalipa maegesho dola 40, yaani gari limekaa tu, halijaoshwa, halijabadilishwa oili, dola 40, na kutoka pale mpaka uwanjani ni umbali ambao nyumbani ungeita bodaboda bila aibu. Tunafika, foleni mbili: ya wenye mabegi na ya wasio na begi. Mke wangu akaitazama ile ndefu, akanitazama mimi, akavua begi begani mwake akanivisha, "Baba, tutakutana ndani." Huyo, kapita, anapunga. Nikabaki nina begi la pampasi mgongoni, la chakula shingoni, kigari cha mtoto ambacho kukikunja kunahitaji watu wawili na sala, na Mzee mwenyewe ambaye kavua kiatu kimoja tangu kwenye maegesho na hataki kusema kiko wapi.

Mlinzi ni babu mmoja mpole, kavaa glavu, ana kijiti cha kupekulia mabegi. Pampasi, sawa. Nguo za akiba, sawa. Trekta la plastiki, akaligeuza, akalipulizia vumbi, sawa. Akafika kwenye chupa ya chai. Akafungua, akachungulia, akafunga. Akafungua tena.

"Bwana, hii ni nini?"

"Uji."

Akanisubiri niendelee. Nikaendelea. Nikamwambia ni chakula cha mtoto, ni nafaka inaitwa ulezi, inasagwa, inapikwa na maziwa na karanga kidogo.

"Karanga?" Babu akarudi nyuma hatua moja, na akamtazama mtoto kwa huruma. Nyuma yake, ndani ya geti, mita chache tu, kuna kijana anauza karanga kwa mifuko, watu wazima wanatafuna wanatupa maganda chini. Nikaona nisibishane, mimi ni mtu mzima, nimewahi kuwa katibu wa kamati za harusi, najua kukaa kimya.

Akaitwa supavaiza. Supavaiza kaja na redio ya mkononi, akachungulia, akasema ni kizito. Nikasema ndio, uji mwepesi haushibishi. Akasema kina rangi. Nikasema ulezi ndo rangi yake mzee wangu, Mungu ndo kachagua. Foleni nyuma imefika kwenye wauza kofia, kuna baba mmoja ananung'unika wimbo wa taifa umeshaimbwa. Basi nikasema tuyamalize: nikamimina kwenye kikombe, nikanyanyua juu wote waone, nikanywa.

Nilisahau mwenye uji yupo pale pale chini.

Jamani. Mtoto aliyekataa ule uji nyumbani, akaukataa kwenye gari, akaukataa maegesho kwa kuutemea dirishani, kuona tu baba anaunywa, alitoa ukelele ambao supavaiza aligusa redio. "UJI WANGUUU!" Akalala chini chali, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna, anapiga sakafu. Mimi nimesimama na mustachi wa uji. Yule baba wa wimbo wa taifa akasema mwacheni tu jamaa apite, na kwa mara ya kwanza siku ile nikajisikia nina ndugu Marekani.

Nikapita. Nikamuokota Mzee. Nikafika kwa binti anayeskani tiketi.

"Tiketi?"

Tiketi ziko kwenye simu. Simu iko kwa mke. Mke yuko ndani, kashakaa.

Nikampigia, mtandao umejaa, watu elfu kadhaa wote wanatuma picha ya nyasi. Mara ya pili kapokea, "Baba uko wapi wewe, wameshaanza!" Akasema ananitumia tiketi. Akatuma. Kumbe haifunguki mpaka uwe na apu. Nikashusha apu. Apu ikataka akaunti. Akaunti ikataka paswedi yenye herufi kubwa, namba, na alama, nikaweka, ikasema dhaifu. Dhaifu! Mimi nimebeba kilo 13 kwa mkono mmoja wewe unaniita dhaifu. Nikaweka nyingine kwa hasira ikakubali, alafu ikasema namba ya siri ya tarakimu sita imetumwa kwenye imeili, na hiyo imeili mara ya mwisho kuifungua nilikuwa naombea kazi ya ghala. Chaji iko asilimia tisa. Mzee kaona simu, kaacha kulia ghafla, kainyoosha mikono, nami kwa kutafuta amani ya sekunde mbili nikampa aishike.

Akampigia bibi yake. Video. Huku jua halijazama, saa moja jioni, Tanzania ni saa nane usiku.

Mama kapokea gizani, kanga kichwani, uso wote umejaa kioo. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa mama, ni huyu..."

"Mume wangu!" Kashamuona. Usingizi umeisha. "Mume wangu, mbona una kiatu kimoja? Hawakununulii viatu?" Alafu simu ikageuka, akaona binti wa geti kavaa sare, pembeni yake supavaiza na redio, na mimi katikati na uji mdomoni. Kimya. "Mwanangu. Wamekukamata?"

Nikasema hapana mama, ni mpira. Yule binti, kwa roho nzuri tu, akainama kwenye simu akapunga mkono kumsalimia bibi. Na mama yangu, ambaye Kiingereza hajui ila heshima anaijua, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Naomba mumsamehe, ni mtoto mzuri, hajawahi kuiba." Simu ikazimika. Chaji.

Asubuhi yake ukoo mzima wa Muheza unajua nimeshikwa na polisi Marekani nikiwa na mtoto. Shemeji yangu mmoja alikuwa tayari anauliza dhamana ni shilingi ngapi.

Mwisho ilibidi mama mtoto arudi mpaka kwenye kizuizi, aonyeshe simu yake kwa mbali, na alikuja hana haraka, ana haradali pembeni ya mdomo. Ameshakula soseji. Peke yake. Tumekaa kwenye viti ni iningi ya tatu, yaani zamu ya tatu ya timu kupiga, inaisha, na Mzee hakutazama mpira hata mmoja, alitazama ngazi za umeme, njiwa, na bisi za jirani, kisha bisi za jirani zikaisha.

Nisiwe mchoyo, kuna dakika ilikuwa tamu. Mpira umepigwa pembeni ukaja juu huku kwetu, jamaa wa mbele kaudaka kwa mikono mitupu, kageuka, kampa Mzee. Huku mpira ukidakwa na mtazamaji ni wako, haurudishwi. Watu wakapiga makofi, mke wangu machozi yanamlenga, ananieleza una mishono 108 inashonwa kwa mkono, utakaa kabatini mpaka siku ya harusi yake. Mzee kauangalia. Kaulamba. Kautupa chini upande wa pili wa reli, ukaingia kwenye bia ya mtu.

Wanasema eti siku hizi mechi ni fupi, tangu 2023 waliweka saa, mrushaji akikaa sekunde 15 bila kurusha wakati hakuna mchezaji kwenye vile vituo vya kukimbilia anaadhibiwa, kwa hiyo sasa ni kama saa mbili na dakika arobaini badala ya tatu na zaidi. Hongera zao. Saa hiyo ningeomba moja niifunge shingoni mwa Mzee, maana huyo tonge moja analiweka shavuni kutoka iningi ya tano mpaka ya nane, ukimwambia meza anakutazama, ukimwambia tema anakutazama.

Sasa hivi Chicago inanukia, saa sita za gari kwenda tu. Wrigley Field, uwanja wa tangu 1914, ukuta umeota majani ya kutambaa na mpira ukinasa humo wachezaji wananyoosha mikono juu kumwonyesha mwamuzi umepotea. Mke wangu ananieleza hilo macho yanang'aa. Mimi nawaza yale majani na huyu mtoto tu.

Na kaagiza jezi tatu zenye jina mgongoni. Jina la baba yangu! Ya mtoto bei yake sawa na ya mtu mzima, kitambaa robo, hesabu hiyo nimeuliza hakuna anayenijibu. Alafu ina masharti, ifuliwe maji baridi, igeuzwe ndani nje, isipigwe pasi kwenye herufi, isikaushwe kwa moto. Sisi tumevaa kaunda suti ya marehemu kwa zamu, ndugu watatu, ilifuliwa kwa sabuni ya mche mtoni ikaanikwa kwenye michongoma na haikuwahi kulalamika, leo nasimama mbele ya mashine nasoma maelekezo ya fulana. Na mifuko ya kaptura ya Mzee iliyomo humo nani aliikagua? Mimi nimeikagua mmoja, nimetoa maganda ya karanga na tiketi ya maegesho ya jirani. Wa pili nilimwachia mama yake, mama yake anasema aliniachia mimi. Hebu ngojeni, hiyo mashine inagonga, na mlio wenyewe ni wa kitu chenye matairi.