Ishirini na Nne za Nini?

Oda imeandikwa: pilipili ya chupa, 24. Mama msindikaji wa Morogoro anapakia chupa 24, kumbe supamaketi ilitaka katoni 24. Stoo wanagoma kupokea, ankara hailingani na oda, na malipo yanalala mezani mpaka mtu wa manunuzi na mtu wa hesabu wamalize kurushiana lawama.

Naanzia stoo kwa sababu kila ikitajwa GS1, chombo kinachogawa namba za misimbopau na kupanga viwango vya kutumiana oda na ankara kwa kompyuta, mazungumzo yetu huishia kwenye ada. Nilipe kila mwaka kwa tarakimu 13 tu?

Wanaolalamika wana hoja. Namba hiyo ni ya kupanga, si ya kununua. Marekani, kampuni zilizojiunga kabla ya mwishoni mwa Agosti 2002 zilipelekana mahakamani na chombo chao kwa ajili ya ada za kila mwaka, na mwisho wake zikaachiwa namba zao bila kulipia tena.

Lakini tazama zile tarakimu zinafanya nini. (Kianzio cha 620, tuelewane, hutaja tu kuwa namba ilitolewa na ofisi ya Tanzania, hakisemi bidhaa imetengenezwa wapi.) Chupa moja ina namba yake. Katoni ya chupa hizohizo ina namba nyingine. Oda ikibeba namba ya katoni, 24 ni katoni 24, hakuna wa kubishana naye. Namba hiyohiyo inarudi kwenye taarifa ya mzigo uliotumwa, kisha kwenye ankara, na kompyuta ya mnunuzi inazilinganisha zote tatu bila kumpigia mtu simu. Kwa msindikaji anayenunua chupa kwa mkopo, kulipwa wiki mbili mapema kunaweza kuwa ndiyo faida yake yote.

Mnyonge ndiye anayeumia pasipo kiwango cha pamoja. Duka kubwa lina watu wa kubuni fomu yake na ubavu wa kumlazimisha kila muuzaji aifuate.

Na bado linafanya hivyo. Juu ya kiwango cha pamoja, kila mnunuzi mkubwa huweka mwongozo wake: sehemu hii lazima, ile usijaze. Anayehudumia maduka matatu anagharimia matengenezo matatu. Hapo GS1 nailaumu kwa upole, maana haina fimbo ya kuwachapa vigogo ambao ni wanachama wake. Uingereza wana TRADACOMS, kiwango cha 1982 kilichoacha kuendelezwa 1995 ili watu wahamie kile cha kimataifa. Kuna wauzaji mpaka leo wanaotakiwa kutuma ankara kwa mtindo huo, kwa kuwa mteja wao hajataka kuhama.

Kwa hiyo ningekuwa mwanachama mdogo mwenye nafasi moja ya kusema mkutanoni, ada ningeiacha. Ningeuliza ile miongozo ya maduka inapitishwa na nani.